Msubirini kwenye marudiano

Msomaji mmoja wa Mombasa ameniandikia hivi:

"Kocha, salamu nyingi kutoka Mombasa. Mpwa wangu anasoma chuo kimoja kule Wisconsin, Marekani, na tangu mwaka jana ametuambukiza mapenzi ya ligi yao ya kikapu ya wanaume, ile WIAC. Tuko watano, sote tumekulia kwenye kelele za ukumbi wa kikapu wa Makande, na sasa tunaamka saa kumi alfajiri kuwatazama hawa vijana kwenye simu. Tumegawanyika. Watatu wanashikilia kwamba gadi bora wa ligi ni yule wa pointi 22 kwa mechi. Mimi na jirani yangu tunamtetea wa timu nyingine, mwenye pointi 13 na asisti 6, yaani pasi za kufungisha. Timu hizo zilipokutana Januari, huyo wa 22 alitia 31. Waliporudiana Februari akatia 12, na wenzetu wanasema siku hiyo alikuwa na mafua. Kocha, gadi wa ligi ndogo anapimwaje, na anaweza kufika mbali? Na ligi yenyewe ina uzito, au tunakesha bure?"

Ndugu yangu, salamu zimefika, na wenzako wape zangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi: hamkeshi bure. Mmeangukia mojawapo ya ligi ngumu kuliko zote katika vyuo vidogo vya Marekani, na pengine hakuna ligi inayomtesa gadi, yule mpandisha mpira wa timu, kama hiyo.

WIAC ilianzishwa mwaka 1913. Leo ina vyuo vikuu vinane vya umma vya jimbo moja: Eau Claire, La Crosse, Oshkosh, Platteville, River Falls, Stevens Point, Stout na Whitewater. Inacheza daraja la tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, na daraja hilo lina sharti ambalo mtu wa kwetu hulishangaa sana, kwamba hakuna mchezaji anayelipiwa masomo kwa sababu ya mpira. Kijana akisaidiwa ada, amesaidiwa kwa alama zake za darasani au kwa hali ya nyumbani kwao. Anafanya mazoezi, anapanda basi usiku kwenye theluji, anarudi saa saba za usiku, na asubuhi ana mtihani wa kemia. Daraja hilo lina vyuo zaidi ya 400, na bingwa wa taifa amekuwa akisakwa tangu 1975. Sasa tazama vyuo vinane hivyo vimefanya nini kati ya hao 400: Platteville mabingwa 1991, 1995, 1998 na 1999, Stevens Point 2004, 2005, 2010 na 2015, Whitewater 1984, 1989, 2012 na 2014, Oshkosh 2019. Timu inayoshika nafasi ya nne humo ndani inaweza kwenda jimbo jingine ikamfunga bingwa wa ligi ya watu ukumbini kwao. Kwa hiyo mpwa wako amewaletea kitu cha maana.

Turudi kwa gadi wenu.

Kwanza mjue kwa nini mjadala wa mashabiki wa vyuo vidogo kila mara unaishia kwa gadi. Sababu ni urefu. Mtu mrefu kupita kiasi hafichiki. Hasheem Thabeet wetu, mita 2 na sentimita 21, alipoonekana Dar es Salaam hakuna aliyempeleka daraja la tatu. Alikwenda Connecticut, chuo kikubwa, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwa jumla kuingia NBA. Senta wa namna hiyo wote wanakombwa na vyuo vikubwa kabla hawajamaliza sekondari. Wanaobaki kwa ajili ya vyuo vidogo ni vijana wa mita 1.85, wa 1.90, wenye akili ya mpira na mikono mizuri, ambao kosa lao ni kwamba hawakurefuka mapema au waliishi mji ambao hakuna mtafuta vipaji aliyepita. Hapo mpira unakuwa wa gadi. Yeye ndiye anayeupandisha, anayeamua kasi, anayejua nani amechoka. Ukimwondoa kwenye timu ya chuo kidogo, mara nyingi timu nzima inakaa chini.

Pili, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, mjue ratiba yao imejengwaje. Timu ni nane, kwa hiyo kila timu ina wapinzani saba, na inakutana na kila mmoja mara mbili, nyumbani na ugenini. Mechi 14 za ligi. Mzunguko wa kwanza unachezwa kwa sehemu kubwa Januari, na wa pili unaangukia Februari. Zile za Novemba na Desemba ni mechi za nje ya ligi, na humo mnaweza kukuta mtu amekutana na chuo dhaifu akajipigia pointi 35 bila jasho. Mimi nikiulizwa gadi fulani ana thamani gani, za Novemba siziangalii. Za Januari naziangalia kwa jicho moja. Naomba za Februari, yaani za marudiano.

Niwaeleze nimelitoa wapi hilo. Misimu sita nilikuwa kocha msaidizi kwenye chuo cha daraja la tatu katikati ya Marekani. Kazi yangu ilikuwa video. Mechi ya Jumatano ikiisha saa tatu usiku, mimi ninaingia chumba kidogo chenye kompyuta na chai iliyopoa, naanza kukata vipande vya mpinzani wa Jumamosi. Nakata kila mara gadi wao alipogusa mpira. Baada ya saa nne au tano unamjua kuliko anavyojijua mwenyewe.

Mwaka mmoja Januari gadi wa timu pinzani alituchoma vibaya. Alikuwa na kitu chake: anakuja juu ya skrini, yaani mwenzake aliyesimama kumzuilia beki, akielekea kulia, midundo miwili, anasimama ghafla kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, anaruka, mpira umeingia. Alifanya hivyo usiku kucha ukumbini kwetu. Nikakaa na video yake wiki nzima kabla ya marudiano. Nikagundua kwamba akielekea kushoto mdundo wake unapanda juu, unafika kiunoni, na macho yake yanashuka kuutazama mpira. Kocha mkuu akaandika sentensi moja ubaoni: asiende kulia. Beki wetu akasimama nusu ya mwili upande wa kulia wa yule kijana, senta wetu akapanda hatua mbili juu ya skrini, na mlango ukafungwa.

Kipindi cha kwanza alipata vikapu viwili tu. Benchi letu lilikuwa linacheka. Lakini kipindi cha pili nikamwona amebadilika. Akaacha kuupigania upande wa kulia. Akawa anaisubiri skrini, anamwona senta wetu anapanda, na papo hapo, kabla hata hajadunda mara ya pili, anampa pasi mtu wake mrefu aliyekuwa anateleza kwenda kikapuni. Leyapu, mtupo wa karibu kabisa chini ya kikapu. Mara ya pili, leyapu. Mara ya tatu tukamrudisha senta wetu nyuma, naye akapita kulia kama zamani. Mwisho alikuwa na pointi 10, na sisi tukafungwa kwa tofauti ya nne ukumbini kwao. Kwenye jedwali la takwimu mtu angesema tulimdhibiti. Mimi niliyekaa na video yake wiki nzima nilijua ni yeye aliyetufunga. Jina lake nililiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu, na mpaka leo nikiulizwa gadi gani bora niliyewahi kupambana naye, namtaja huyo wa pointi 10, wala simtaji yeyote kati ya waliotutia 30.

Ndiyo maana nasema Februari. Mzunguko wa kwanza unapima kipaji. Kwenye mzunguko wa pili kila ukumbi una msaidizi kama mimi aliyekesha na video, na beki wa upande wa pili amekukaba labda mara tano katika maisha yake, maana hawa vijana hukaa chuo miaka minne na wanafahamiana kama majirani. Huna siri tena. Unachobaki nacho ni uwezo wa kusoma wamekufungia nini, na kwa kukifunga hicho wameacha nini wazi.

Kuhusu pointi peke yake, niwape mfano mmoja ambao hakuna mfano unaoupita. Tarehe 20 Novemba 2012, gadi wa chuo cha Grinnell, Iowa, daraja hilohilo la tatu, kijana anaitwa Jack Taylor, alitia pointi 138 katika mechi moja dhidi ya chuo cha Faith Baptist Bible. Hamjakosea kusoma, 138. Dunia nzima ikamtangaza. Lakini fungueni jedwali la mechi ile: alirusha mitupo 108, akaingiza 52, ya pointi tatu alirusha 71, akaingiza 27. Grinnell ilicheza mfumo wa kocha David Arseneault, wa kukimbia bila kupumzika, kubadilisha wachezaji watano kwa mpigo kila baada ya muda mfupi, na kurusha mitupo ya mbali mingi iwezekanavyo. Na jambo ambalo watu wamelisahau: usiku huohuo, kwenye timu iliyofungwa, David Larson alitia pointi 70. Sabini, na timu yake ikalala 179 kwa 104. Grinnell walikuwa wanaacha leyapu ili waurudishe mpira mikononi mwao haraka. Simdharau Taylor hata kidogo. Kurusha mara 108 katika dakika 36 kunataka mapafu na moyo. Ninachosema ni kwamba pointi ni mavuno, na mavuno hutegemea shamba. Kabla ya kulinganisha mavuno ya watu wawili, uliza kila mmoja alipewa shamba la ukubwa gani.

Na shamba la WIAC ni dogo, la mawe. Ligi hiyo ina asili ya ulinzi. Dick Bennett alikuwa kocha Stevens Point kuanzia 1976 hadi 1985, na baadaye akaunda ulinzi ambao leo unafundishwa kila mahali: mlinzi mmoja anambana mwenye mpira, wanne waliobaki wanakaa ndani ya mstari wa kufikirika, kama mita tano kutoka kikapuni. Mwenye mpira akijaribu kupenya anakuta ukuta wa miili. Mwanawe, Tony Bennett, aliutumia ulinzi huo kuipa Virginia ubingwa wa daraja la kwanza mwaka 2019. Platteville nako alikuwapo kocha Bo Ryan, aliyechukua mataji manne, mawili kati ya hayo bila kufungwa mechi hata moja msimu mzima, 1995 na 1998. Timu zake zilikuwa na subira ya mvuvi. Hazikurusha mpaka zipate zinachokitaka. Ligi iliyolelewa na watu kama hao haimpi gadi njia za bure. Kwa hiyo pointi 13 na asisti 6 humo ni kazi kubwa kuliko inavyosikika Mombasa. Na pointi 22, tuwe wakweli kwa wenzako, nazo ni kazi kubwa mno.

Sitaki mdhani nimewachukia wafungaji. Yuko Earl Monroe. Alikuwa gadi wa Winston-Salem State, chuo cha watu weusi kule North Carolina, katika ligi ya CIAA, chini ya kocha Clarence Gaines. Msimu wa 1966–67 alikuwa na wastani wa pointi 41.5 kwa mechi, na timu yake ikawa bingwa wa taifa wa vyuo vidogo, chuo cha kwanza cha watu weusi kutwaa taji la kikapu la NCAA. Wakamwita Lulu. Zingatieni alikuwa mwaka wa nne. CIAA nzima ilikuwa imemwona misimu mitatu, kila kocha alikuwa na dawa yake, na hakuna dawa iliyofanya kazi. Alikuwa anazunguka na mpira mgongoni mwa beki, anasimama, anaanza tena, na beki anabaki ameshika hewa. NBA ikamchukua wa pili kwa jumla mwaka 1967, na msimu wake wa kwanza akawa mchezaji chipukizi bora. Mfungaji wa namna ile, anayejulikana na bado hazuiliki, mimi namvulia kofia bila kuuliza asisti zake. Kwa hiyo kama huyo wenu wa 22 ana 22 Februari pia, wenzako wana hoja nzito.

Sasa kipimo chenyewe. Chukueni karatasi, mkunje katikati. Upande wa kushoto andikeni mechi saba za mzunguko wa kwanza za kila gadi, upande wa kulia saba za marudiano. Majedwali ya takwimu vyuo vyao huyaweka wazi usiku uleule wa mechi, hamhitaji kumwomba mtu. Andikeni pointi, mitupo aliyorusha, asisti, mipira aliyopoteza, na mitupo huru aliyoipata. Kisha msitazame jumla. Tazameni kinachotokea mnapovuka mkunjo wa karatasi.

Pointi zitashuka kwa karibu kila mtu, hilo lisiwashtue. Swali ni kilichoshuka pamoja nazo, na kilichopanda. Gadi ambaye pointi zimetoka 22 hadi 14 huku mitupo yake imebaki ileile ishirini, huyo anaupiga ukuta kichwa. Gadi ambaye pointi zimeshuka, mitupo imeshuka, na asisti zimepanda, huyo amesoma mchezo. Kama mipira anayopoteza imeongezeka maradufu, basi wamegundua mkono wake dhaifu, na msimu ujao kila timu itamsukuma huko. Safu ya mitupo huru nayo msiidharau: mtu aliyefungiwa mitupo ya mbali lakini bado anaingia ndani na kulazimisha faulo, hajafungiwa. Vyuoni kuanzia faulo ya saba ya timu katika kipindi mpinzani anaanza kupelekwa kwenye mstari wa mitupo huru, kwa hiyo gadi anayewachosha walinzi kwa faulo mapema anawasaidia hata wenzake walioko benchi.

Lakini jedwali halioni kila kitu, na nyinyi mna macho na mnakesha. Kuna vitu viwili ningependa mvitazame kwa karibu kwenye hizo simu zenu.

Cha kwanza ni mahali anapouacha mdundo. Gadi mbichi akibanwa na watu wawili huushika mpira kwa mikono yote kabla hajajua atampa nani. Hapo amekwisha, anazunguka kama mtu aliyepotea sokoni, na pasi inayotoka ni ya kuomba dua. Gadi aliyekomaa akibanwa anarudi nyuma midundo miwili, mirefu, ya chini, kifua chake kikiwa bado kinatazama kikapu, na ile nafasi aliyoifungua inamwonyesha mtu aliyeachwa peke yake. Mnaweza kukaa mechi nzima mkimtazama kwa jambo hilo tu. Mwisho mtajua mengi kuliko mtangazaji.

Cha pili ni dakika nne za mwisho, mechi ikiwa ndani ya pointi tano. Timu ina sekunde 30 za kurusha. Mtazameni saa ikiwa imebaki na sekunde 12: je, ameanza kitu, au bado anadunda katikati ya uwanja akisubiri ujasiri? Mwaka 2014, fainali ya daraja la tatu mjini Salem, Virginia, Whitewater ya ligi yenu hiyo ilikuwa nyuma ya Williams zikiwa zimebaki sekunde chache. Gadi wao, Quardell Young, aliuchukua mpira, akaukimbiza uwanja mzima, akatia leyapu, na Whitewater wakawa mabingwa kwa 75 kwa 73. Hakuomba muda, hakutafuta mtupo wa ajabu kutoka mbali. Aliona Williams bado hawajajipanga akaenda. Upande wa pili, katika timu ya Williams iliyofungwa, alikuwapo kijana wa mwaka wa kwanza anaitwa Duncan Robinson. Alihamia Michigan baadaye, na kutoka hapo akaingia Miami Heat na kucheza fainali mbili za NBA. Ndiyo mpira mliokuwa mnauliza kama una uzito.

Nikumbuke kusema, karatasi hii ya mkunjo ni ya ligi zenye marudiano. Hao Williams wako ligi ya NESCAC, timu 11 zinazokutana mara moja tu katika ratiba ya ligi, na huko hesabu ni nyingine. Inabidi usubiri mtoano ndipo uone watu wakionana tena.

Umeniuliza kwa pembeni kama gadi wa ligi hii anaweza kufika mbali. Wengi, wengi mno, wanamaliza chuo na kuwa walimu, wahasibu, makocha wa sekondari, na wachache wanapata mkataba ligi za nje ya Marekani. Hilo si jambo dogo. Lakini mlango upo, na aliyeupita vizuri kuliko wote ametoka humohumo kwenu. Terry Porter ni mtoto wa Milwaukee ambaye vyuo vikubwa vilimpita. Akaenda Stevens Point kwa Dick Bennett. Mwaka 1984 timu yao ilifika fainali ya taifa ya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo vidogo, wakafungwa, na bado yeye akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Mwaka huohuo aliitwa kwenye mchujo wa timu ya Olimpiki, akakatwa karibu na mwisho pamoja na Charles Barkley na John Stockton. Timu ya Portland ya NBA ikamchukua wa 24 mwaka 1985. Akacheza misimu 17, fainali mbili za NBA, pointi zaidi ya 15,000 na asisti zaidi ya 7,000, na jezi yake namba 30 Portland haivaliwi tena na mtu.

Kwa kizazi cha sasa yuko Derrick White. Alimaliza sekondari Colorado bila chuo cha daraja la kwanza kumtaka, akaenda UCCS, chuo cha mji wa Colorado Springs, daraja la pili, ligi ya RMAC, akafika wastani wa zaidi ya pointi 25 mwaka wake wa tatu. Akahamia Chuo Kikuu cha Colorado, San Antonio ikamchukua wa 29 mwaka 2017, na mwaka 2024 akabeba ubingwa wa NBA na Boston na dhahabu ya Olimpiki Paris katika miezi miwili. Ukimtazama leo kinachomweka uwanjani ni kwamba hupati dakika ambayo hana kazi: anakaba, anazuia mitupo ya watu wanaomzidi urefu, anatoa pasi kabla haijaombwa. Hapo pia kuna tahadhari kwenu mashabiki. Siku hizi kuhama kumekuwa rahisi kuliko enzi za Porter, na gadi anayeng'ara kwenye chuo kidogo anaweza kuwa amechukuliwa na chuo kikubwa kabla ya Novemba. Mtazameni akiwa bado yupo.

Nimalizie na hao wawili wenu, maana najua ndicho mnachosubiri.

Mafua ni kitu halisi. Februari ya Wisconsin ni baridi ya kuumiza mifupa, na mabweni yao yamejaa kikohozi. Lakini mafua ni ya mechi moja. Kama huyo wa 22 alitia 12 siku hiyo na katika marudiano mengine amebaki kwenye 20, basi wenzako wanasema kweli na mimi nitakuwa upande wao. Kama karatasi itaonyesha 12, 15, 11, 14, hapo hakuna mafua, wamemsoma.

Na kuna jambo hukuniambia, ambalo ndilo la kwanza ningekimbilia kwenye video. Umesema gadi wenu wa 13 yuko kwenye timu iliyomshusha huyo mwingine kutoka 31 hadi 12. Ni nani aliyemkaba usiku ule? Kama ni beki mwingine, hoja yenu inabaki pale ilipo. Kama ni yeye mwenyewe, aliyeupandisha mpira dakika zote, akagawa asisti zake, kisha akarudi nyuma kumkimbiza mfungaji bora wa ligi kwenye kila skrini mpaka akamfikisha 12, basi mimi nina gadi wangu bora na sihitaji hata karatasi. Irudieni mechi hiyo. Vyuo vingi vya ligi hiyo huhifadhi mechi zao mtandaoni, na mpwa wako atajua pa kuipata. Tazameni dakika kumi za mwanzo za kipindi cha pili, namba gani ya jezi inasimama mbele yake.

Kisha jazeni karatasi, gadi wote wawili, saba kwa saba, mnitumie. Safu ya mipira iliyopotea msiiache wazi, hiyo ndiyo nitakayoanza nayo.